Niandikie Madaraja

Wami, 11 Februari 2024

Ndugu yangu Ayoub,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na natumai barua hii imekukuta mzima huko ndani, kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima humo. Mama hajambo, goti tu. Nimemwacha Chukwani na mwanangu Muzdalifa. Mtoto ameanza skuli pale pale, darasa la pili, na mwalimu wake anasema anaandika vizuri ila hazungumzi na mtu. Miaka saba ni midogo. Atazungumza.

Kazi ya bara niliyoiomba mwaka jana niliipata siku tano baada ya wewe kukamatwa. Ni kampuni inayokagua madaraja, nao walikuwa wanataka fundi sanifu. Mimi nilitaka kukataa. Mama akaniambia, "Nenda, watu wausahau uso wako." Nimekwenda.

Siku nzima natembea na nyundo ndogo nikigonga zege. Zege zima hulia kavu, sauti ya juu. Lililooza ndani hujibu kama debe tupu. Kwa macho huwezi kulitambua, maana kwa nje yote ni meupe na mazuri.

Hapa Wami madaraja ni mawili, la zamani na jipya, yamekaa karibu. Jipya ni pana na limenyooka, gari zinapita bila ya dereva kujua kama chini kuna mto. La zamani ni jembamba, gari moja kwa wakati, na njia zote mbili za kuliingia ni mteremko. Vyuma vya pembeni vimebonyea kila baada ya hatua chache. Dereva wetu anasema kila palipobonyea pana gari iliyogonga na pana watu waliokufa. Nimelipenda hilo. Nilikaa nalo saa nzima wakati wenzangu wanakunywa chai. Limepigwa sana na halikuanguka.

Sina jengine la kukuandikia kwa sasa.

Dada yako,
Salhiya

*

Unguja, 20 Machi 2024

Dada Salhiya, shikamoo.

Ramadhani njema huko uliko. Sisi tunafunga, na futari yetu ni uji na tende moja moja, alhamdulillahi. Mama alikuja wiki iliyopita na kanzu safi. Hakuja na Muzdalifa, nami sikuuliza.

Barua yako imechukua wiki tano. Barua za humu zinasomwa mwanzo mpaka mwisho na afande mmoja wa miwani, kisha anapiga muhuri. Basi andika ukijua kuwa tupo watatu.

Umeniuliza kwa kutoniuliza, kwa hivyo nakujibu. Kesi ni ya mauaji. Maelezo niliyoyatoa polisi ni kwamba Jumamosi ya tarehe sita Januari, baada ya alasiri, mtalaka wako Mudrik alikuja nyumbani kwako Mkunazini kufanya fujo. Wewe hukuwepo, ulikuwa Chukwani kwa mama. Nikampiga na mchi wa kinu, pigo moja, akafa. Ndivyo nilivyosema na sitobadilisha.

Hamid, kaka yake marehemu, ana jamaa yake humu anaitwa Mjaka. Siku yangu ya tatu walinisubiri chooni. Walinivunja jino la mbele na ubavu mmoja. Jino nililitema mkononi, na Mjaka akanilazimisha nilimeze. Usimwambie mama. Mimi nimemwambia nilianguka.

Barua yako nimewasomea wenzangu. Mzee mmoja wa Makunduchi, Mzee Pandu, aliyemkata mtu panga kwa ajili ya mpaka wa shamba, amenitaka niisome mara mbili. Anauliza hilo la zamani lina nguzo ngapi. Mimi miaka minane nimetengeneza mafriji Darajani na daraja lenyewe sijaliona, hori ya bahari iliyokuwa chini yake walishaifukia zamani. Ukenda njia ya Mtoni unafika Darajabovu. Watu wa Unguja tuna majina ya madaraja, madaraja yenyewe yako kwenu huko.

Niandikie madaraja, dada. Mengine usiandike.

Ayoub

*

Rufiji, 21 Aprili 2024

Mpendwa Ayoub,

Marahaba, na Idd Mubarak ingawa Idd imeshapita. Niliila safarini, wali na maharage kwenye banda la mama mmoja aliyenikatalia kulipa alipojua nimetoka Zanzibar. Mama yetu nimezungumza naye kwa simu. Goti linauma zaidi kwa mvua hizi. Muzdalifa alishika simu, nikawa nasikia pumzi zake tu.

Mwambie Mzee Pandu nguzo za Wami sikuzihesabu, lakini za hapa nimezihesabu mpaka nikachoka. Daraja la Rufiji linakaribia kilomita nzima. Ukisimama katikati huoni mwanzo wala mwisho, na mwezi huu huoni hata mto, kwa sababu mto umekula nchi yote. Maji mekundu yanapita na mapaa ya nyumba, magodoro, milango yenye makufuli yake. Kwenye ncha zote mbili watu wamepanga vyombo vyao barabarani, kwa kuwa hapo ndipo palipobaki pakavu. Nimegonga zege siku nne na sijasikia debe hata mara moja. Yule aliyelijenga alimwogopa Mungu.

Juzi kulikuwa na bwana amejifunga kamba kiunoni anaingia majini kumtoa ng'ombe wake. Wenzake sita wameshika kamba juu ya tuta. Mamba alikuja kwa ubavuni. Mimi nilikuwa juu ya daraja naona vizuri kuliko wao. Nilifungua mdomo kupiga kelele na sauti haikutoka. Kamba ilikaza, wakavuta, ikalegea ghafla wote sita wakaanguka kwa nyuma. Walichokivuta kilikuwa nusu yake. Mkewe alikifunika kwa kanga aliyokuwa ameivaa, akabaki na gauni.

Nimelala siku mbili sikwenda kazini. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto bado havikunjiki vizuri. Wenzangu nimewaambia nilibanwa na mlango.

Kula. Usipigane na mtu.

Salhiya

*

Unguja, 26 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Barua ya mamba niliisoma mwenyewe kwanza, kisha nikawasomea wenzangu ile ya nguzo tu. Mama hajambo. Amekuja na ndizi.

Nilipelekwa mahakamani tarehe kumi na tatu. Daktari alisoma ripoti yake. Alisema mapigo ni matatu. La kwanza ubavuni mwa kichwa, mawili kisogoni, na hayo mawili marehemu alipigwa akiwa ameshalala chini. Mwendesha mashitaka akanisomea maelezo yangu, "pigo moja", akauliza, "Hayo mengine alijipiga mwenyewe?" Watu walicheka. Mama yake Mudrik, Bi Zuleikha, hakucheka. Alikuwa ananitazama mkono.

Wakili niliyepewa, Bi Nasima, ananiambia mtu anayedanganya hesabu ya mapigo hakimu haamini na lolote jengine. Anataka nikubali yote matatu na niombe ihesabiwe kuua bila kukusudia. Nikipigania pigo moja nitaonekana muongo, na kosa litabaki mauaji.

Sikuulizi kitu, Salhiya. Nakueleza tu yaliyosemwa.

Tulipokuwa tunatoka Hamid alinifikia ukumbini, akanipiga kichwa cha uso mbele ya askari. Nilirudi na damu kifuani. Mjaka akaiona akacheka, akakutaja wewe kwa jina ambalo siliandiki. Nilimpiga. Nilimkalia kifuani nikawa nampigiza kichwa sakafuni, na Mzee Pandu ananivuta na mimi sisikii. Walinitoa watu wanne. Mjaka jicho moja halioni tena. Nilifungiwa peke yangu siku kumi na mbili, na katika siku hizo nimejua kuwa nnaweza. Mwanzo nilikuwa sijui. Nilikuwa nasema tu.

Leta daraja jengine.

Ayoub

*

Ngara, 14 Julai 2024

Ayoub,

Nimechelewa kukujibu. Barua yako niliipata Juni, nikawa natembea nayo. Mama nampigia kila Ijumaa na kila Ijumaa anamaliza kwa neno moja: "Wewe nyamaza, Mungu ana wake." Muzdalifa anakula. Ameng'oka meno mawili.

Niko karibu na mpaka wa Rwanda. Daraja la Rusumo limekaa juu ya Mto Kagera, na hapo hapo pembeni maji yanaporomoka kwa ngurumo hata ukizungumza na mtu mnasogezeana vichwa. Ni zuri mno. Malori yamejipanga mpaka huoni mwisho, na chini povu jeupe linaruka. Nikamwambia mama anayetuuzia chai, "Pahala penu pazuri." Akaniangalia. Akasema, "Mwaka tisini na nne mto huu ulileta watu. Nilisimama hapo uliposimama. Walikuwa wanapita wamefungwa mikono. Wazee walianza kuhesabu wakaacha." Kisha akaniuliza kama nataka sukari.

Kazi ya Rusumo haikuwa yetu, tulipita kuliona tu. Yetu ilikuwa daraja dogo la waya kijiji kimoja ambacho sitakitaja, la kupita watu kwa miguu, mbao na nyaya, urefu wa hatua sitini. Wanakijiji walilifunga wenyewe, na fundo zake ningewaonyesha wanafunzi. Ukipita linacheza, lakini linacheza kwa mpango, linakupokea na kukurudisha.

Asubuhi ya tarehe nne nilikuwa katikati yake nakaza vidude vya kupimia. Nikasikia makelele. Kijana mmoja anakuja mbio, nyuma yake watu. Wanasema kaiba pikipiki. Alipofika karibu yangu akaona upande wa pili nao umejaa. Alinishika mkono akasema, "Dada, waambie." Jina langu halijui, mimi lake silijui. Wakamfikia. Walianza na fimbo, kisha mawe, na lile daraja zuri lilikuwa linacheza kwa kila pigo, mimi nimeshika waya nisianguke. Aliposhalala, bwana mmoja mwenye mvi, amevaa koti safi kama mtu wa kanisani, alininyooshea mkono. Akasema kwa adabu, "Dada, tuazime nyundo."

Ayoub, nilimpa.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Alipoishika ndipo nikapiga kelele na kumrukia na kumng'ata kifundo cha mkono mpaka akaiachia ikaanguka mtoni. Lakini nilimpa kwanza. Yule kijana walimtupa mtoni, nyundo imeshatangulia. Kichwa chake kilikuwa hakina umbo.

Bosi nimemwambia nyundo ilinitoka. Amenipa nyengine, na siishiki.

Salhiya

*

Unguja, 11 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Afande aliponipa barua yako aliniuliza, "Dada yako mzima?" Hajawahi kuniuliza kitu.

Mama alikuja na Muzdalifa Jumatano. Tulikaa na waya katikati. Mtoto alisema neno, mara yake ya kwanza kusema mbele yangu tangu Januari, na mama akamziba mdomo kwa kiganja. Neno lenyewe silikuandikii.

Tarehe tatu Septemba nakubali kosa. Mapigo yote matatu. Bi Nasima anatarajia miaka kumi na mbili, labda kumi. Nina miaka ishirini na sita, nitatoka bado mwanamme. Usije mahakamani. Baki huko uliko, na nyundo ishike, ni kazi yako.

Nimefikiri vizuri. Mtoto mwenye baba aliyekufa na mama aliyefungwa hana mtu. Mtoto mwenye mjomba aliyefungwa ana mama.

Ayoub

*

Mkunazini, 29 Agosti 2024

Kwa Ayoub, na kwa afande wa miwani anayeisoma kabla yake.

Assalaam alaykum nyote wawili. Mama hajambo, isipokuwa hazungumzi na mimi tangu jana. Muzdalifa amelala kwenye paja langu wakati naandika. Mimi mzima.

Afande, naomba barua hii usiigongee muhuri tu. Ipeleke kwa mkubwa wako. Kesho saa mbili nitakuwa nimeshafika polisi na Bi Nasima atakuwa na mimi, lakini nataka pawepo na karatasi yenye mwandiko wangu, kwa sababu mimi ni mtu anayebadilisha nia nikilala.

Ayoub, neno la Muzdalifa mama aliniambia. Alikwambia, "Mjomba, mbona aliyempiga Baba ni Mama." Mama alinisimulia kwa simu akilia, akitaka tukubaliane namna ya kumnyamazisha. Nilimsikiliza, nikaona tumefika pahala ambapo watu wazima watatu wanamfundisha mtoto wa miaka saba kunyamaza maisha. Nikapanda basi siku ile ile.

Yaliyotokea ni haya.

Mudrik alinipa talaka tatu mwaka juzi, akajuta, akataka turudiane bila ya sheria kuturuhusu. Nilikataa. Jumamosi ile alikuja baada ya alasiri. Muzdalifa alikuwa mezani anaandika hesabu. Mimi nilikuwa jikoni natwanga thomu ya mchuzi. Sikuwa Chukwani. Alinikamata nywele juu ya mtandio akanigonga uso kwenye kizingiti cha mlango wa ngazini, mara ngapi sijui. Nilishika mwimo na mkono wa kushoto nisianguke, akaufunga mlango kwenye vidole. Nilipiga mayowe. Kisha akaniacha nimelala akaingia ndani, akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja. Akasema, "Nakwenda naye, na ukija nyuma yangu namtupa toka huku juu darini." Ayoub, alikuwa anafungua dirisha.

Niliingia jikoni nikachukua mchi. Pigo la kwanza lilikuwa la kumzuia. Alimwachia mtoto, akaanguka kifudifudi. Hakuwa anasogea. Ningeliweza kumchukua mwanangu nikashuka.

La pili nilimpiga kwa miaka sita ya ndoa. La tatu sijui nilimpiga kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe, kama siku ile ya daraja la waya. Nilimtazama bwana wa koti safi nikasema huyu ni mnyama, kisha nikakumbuka kuwa mimi sikuazima mchi kwa mtu, nilikuwa nao mwenyewe.

Ndipo ukatokea mlangoni. Ulinitoa mchi mkononi, ukaupangusa kwa shati lako ukaushika wewe. Ukasema, "Mchukue mtoto, shuka kwa nyuma, nenda kwa mama. Hukuwepo." Nikakwambia nini? Sikukwambia kitu. Nikashuka.

Miezi saba nimekuandikia madaraja ya watu. Daktari alisema kweli, Ayoub, ni matatu. Hukukosea hesabu, hukuwa unajua. Mimi nilijua tangu barua yako ya Mei kuwa hesabu hiyo inakuangamiza, nikatembea nayo mfukoni mwezi na zaidi.

Usikubali kosa tarehe tatu. Hata ukikubali, mimi nimeshasema.

Salhiya binti Khatib

*

Chukwani, 6 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Naomba barua hii ikufikie, nasikia huko kwenu upande wa wanawake wanachelewesha zaidi. Mama hajambo. Anakupikia kila Jumamosi na kila Jumamosi anasema hendi, kisha anavaa buibui anakwenda. Muzdalifa anazungumza sasa, anazungumza mno, jana kaniuliza kwa nini jino la mbele sina nikamwambia nilianguka, akasema, "Muongo."

Nimetoka siku kumi na tatu zilizopita, kwa dhamana. Kesi ya kudanganya polisi nnayo, na ya jicho la Mjaka nnayo, na zote ni haki yangu. Wiki ya kwanza sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikupa kitu kikubwa kuliko chochote nilichowahi kuwa nacho, na wewe ukanirudishia kwa barua, mbele ya afande. Sikutaka kukutia machoni.

Jumapili iliyopita nilimchukua Muzdalifa tukenda mpaka Unguja Ukuu, alitaka kuona daraja. Hakuna. Ipo ile njia ya mawe ya kwendea Uzi, bahari ikijaa inafunikwa na watu wanakaa kusubiri. Tukasubiri. Palikuwa na mama mja mzito juu ya gari ya ng'ombe anasubiri na yeye, uchungu umeshaanza, upande wa pili dada yake kasimama anamtazama. Maji yanafika kifuani. Wanawake wawili walikuwa wanaitana, huyu analia na yule anasema, "Nakuona, nakuona," na haingii majini. Nilimwona yule aliyesimama ng'ambo nikageuza uso. Muzdalifa akanishika mkono. Nikaingia nikambeba yule mama mgongoni mpaka tukavuka. Alinichana shingo kwa kucha kwa maumivu. Alijifungua salama, mtoto wa kike.

Kuna jambo sijakwambia, wala polisi, na Bi Nasima nimemwambia juzi tu.

Siku ile sikufika nikakuta imekwisha. Nilikuwa nimekuja kukutengenezea feni. Nilikuwa ngazini tangu Mudrik alipokugonga mara ya kwanza. Nilisikia kizingiti. Nilisikia mlango ukifungwa kwenye vidole vyako, nikasikia mayowe yako, nikasikia alivyosema atamtupa mtoto. Nilikuwa chini ya ghorofa yako ngazi saba, feni mkononi. Nilimwogopa. Miaka yote hii nilimwogopa, tangu aliponipiga makofi harusini kwenu kwa ajili ya kumwaga sharubati. Niliposikia kimya ndipo nikapanda.

Si ushujaa ulionipeleka jela, dada. Nilikuwa nalipa zile ngazi saba.

Ntayasema mahakamani. Bi Nasima anasema ni muhimu, kwa kuwa hakuna mtu mwengine mzima aliyesikia lile tishio la dirishani.

Ayoub

*

Jela, Unguja, 2 Machi 2025

Ndugu yangu Ayoub,

Marahaba. Ramadhani imeingia tena, na mimi safari hii naifunga humu. Tupo wanawake kumi na moja. Mmoja, Thuwaiba, ananisuka nywele. Mama alipokuja alikaa na mimi nusu saa bila kutaja goti, nikajua kweli linamuuma. Mpeleke hospitali hata akikataa.

Miaka minne, Ayoub. Umesikia hakimu alivyosoma: pigo la kwanza sheria inanisamehe, mawili hainisamehe. Nilipokuwa kizimbani nilimwona Bi Zuleikha akitikisa kichwa, nikadhani hakuridhika. Kisha alipita karibu yangu akasema, "Mwanangu nilimjua." Hakunipa mkono. Nimelifikiria sana neno lile.

Nilikusikiliza ukitoa ushahidi. Mwendesha mashitaka alipokuuliza, "Ulisimama muda gani?" ukasema, "Muda wa mtu kufa." Hamid aliinamisha kichwa. Nilitaka usimame hapo, usiendelee, lakini uliendelea mpaka ukamaliza zote saba, ngazi moja moja.

Barua yako ya Oktoba sikuijibu miezi mitano. Ninaijibu sasa.

Nilikuona.

Mudrik alipofunga mlango kwenye vidole vyangu nilianguka, na ule mlango hauzibi mpaka chini, na ngazi zinaanzia pale pale, unajua. Niliona ngazi. Niliona miguu yako na viatu vyako vya kazi na waya wa feni unaning'inia. Mayowe yale yalikuwa ya kukuita wewe. Nilikutazama miguu nikisubiri ipande. Haikupanda.

Ndiyo maana uliponiambia "nenda", nikaenda bila ya neno. Ndiyo maana nikakaa miezi saba bara nakuandikia nguzo na nyaya huku unameza jino lako. Nilijiambia mtoto, nilijiambia mama, lakini chini yake palikuwa na hili: nilitaka ulipe. Nilikuacha ulipe, na hata mkono wako ulipokuwa haujagusa mtu nilikuacha ushitakiwe kwa wangu. Hili halimo katika yale niliyoandikia afande. Afande, kama bado ni wewe, sasa unalo.

Tumelipana vya kutosha. Mimi sikudai tena, nawe usinidai.

Muda wote kesi zako zinapokuacha nje, Muzdalifa akae na wewe Mkunazini, asikae Chukwani, skuli ya hapo Mkunazini ni bora na atataka kuwa karibu na marafiki zake wa zamani. Chumba kipakeni rangi. Mchi mwengine usinunue, thomu inauzwa imeshasagwa pale Darajani. Atakusumbua, atakupigia kelele, atalia kwa vitu usivyovielewa.

Ukimsikia analia, na wewe uko chini, usisimame kusikiliza kwanza. Panda.

Akupendaye,
Salhiya